Titresheni ya jiwe la matumbawe inatupa 111%. Kosa liko wapi?

Barani (Malindi)

Hamjambo wenzangu. Naomba jicho la pili kwenye hesabu hii, ripoti ni ya Alhamisi. Kemia mwaka wa kwanza, zoezi la kutafuta asilimia ya kalisiamu kaboneti kwenye jiwe la matumbawe kwa titresheni ya kurudi nyuma, yaani unatia asidi ya ziada kisha unapima iliyobaki.

Jiwe ni kipande cha tofali la matumbawe kilichobaki kwenye mjengo, tumekitwanga kwenye kinu cha maabara mpaka kikawa unga. Tumepima gramu 1.50, tukazitia kwenye bika, tukamimina ml 50.0 za asidi haidrokloriki kutoka kwenye chupa iliyoandikwa 1 M, yaani moli moja kwa lita. Povu lilipotulia tukachemsha, tukapoza, tukachuja. Maji yaliyopita kwenye chujio tukayatia kwenye chupa ya ujazo ya ml 250 tukajaza hadi alama. Kutoka hapo ml 25.0 kwa pipeti, fenolfthalini (rangi inayogeuka waridi asidi ikiisha), na kwenye bureti, ule mrija wenye alama wa kudondoshea, sodiamu haidroksaidi 0.100 M.

Usomaji wa bureti: 16.9, 16.5, 16.5. Wastani 16.6.

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Asidi iliyobaki ndani ya ml 25: 0.100 × 0.0166 = moli 0.00166
Ndani ya ml 250: moli 0.0166
Asidi ya mwanzo: 1 × 0.0500 = moli 0.0500
Iliyoliwa na jiwe: moli 0.0334
CaCO3: nusu yake, moli 0.0167
Uzito: 0.0167 × 100 = gramu 1.67

Gramu 1.67 ndani ya gramu 1.50! Hiyo ni 111%. Tumerudia hesabu mara nne, kikokotoo hakijabadili kauli. Mwenzetu mmoja anasema tuandike 95 tu kwa kuwa ndiyo "inayotarajiwa". Sitaki.

Ngomeni

Usiandike 95. Anayesahihisha atachukua usomaji wenu wa bureti, apige hesabu kwa dakika mbili, na ujanja utakuwa mezani.

Hesabu yenyewe haina kosa kubwa. Kidogo tu: ile 16.9 ni ya majaribio ya kwanza, haiingii kwenye wastani. Wastani unachukuliwa kwenye zile zilizokubaliana ndani ya 0.1, yaani 16.5. Ubaya ni kwamba ukiitoa, asilimia inapanda badala ya kushuka: asidi iliyoliwa 0.0335, kaboneti gramu 1.675, yaani 111.7%. Kwa hiyo tatizo liko kwenye vitendo, au kwenye namba mlizopewa mkaziamini.

Kabla hujaanza kubahatisha, jiulize kosa linaelekea upande gani. Kwenye titresheni ya kurudi nyuma hakuna anayelipima jiwe. Mnapima asidi iliyobaki, halafu mnasema "isiyokuwepo imeliwa na jiwe". Basi kila asidi iliyopotea kwa njia nyingine, jiwe linaandikiwa deni lake. Usomaji wa bureti ukiwa mdogo kuliko haki yake, asilimia inapanda. Ukiwa mkubwa, asilimia inashuka.

Sasa chekecha. Haya yote yanashusha asilimia, kwa hiyo hayawezi kuwa mkosaji wenu:

– Kapovu ka hewa kwenye ncha ya bureti kalikotoka katikati ya kazi.
– Kusuuza flaski ya koni kwa ule myeyusho wa asidi badala ya maji. Flaski ya koni inasuuzwa kwa maji tu; bureti na pipeti ndizo zinazosuuzwa kwa kile zitakachobeba.
– Kupuliza tone la mwisho la pipeti. Tone lile limehesabiwa tangu kiwandani kuwa linabaki.
– Kutochemsha vya kutosha. Kaboni dayoksaidi iliyobaki majini ni asidi hafifu, nayo itakula sodiamu haidroksaidi kabla rangi haijatokea.

Na haya yanapandisha, anzeni kujikagua hapa:

– Povu lililoruka nje ya bika mlipomimina asidi.
– Bika na karatasi ya chujio ambazo hamkuzisuuza, asidi ikabaki humo.
– Chupa ya ml 250 ambayo hamkuipindua baada ya kujaza. Maji ya mwisho yanakaa shingoni, pipeti inavuta kilicho chepesi. Funga kifuniko, shika kwa kidole, pindua juu chini mara 15 hadi 20.
– Faneli iliyosahauliwa juu ya bureti ikaendelea kudondosha.
– Asidi ambayo haifiki 1 M.

Mkomani (Lamu)

Nikuulize, kaka: hilo tofali lilikuwa jipya au lilishajengewa? Huku kwetu jiwe la matumbawe na chokaa ni ndugu wa damu, hukuti kuta za zamani bila vyote viwili. Kama kipande chenu kilikuwa na plasta ya chokaa ambayo haijazeeka, hiyo peke yake inaweza kuvusha mia.

Kwa nini: gramu 100 za kalisiamu kaboneti zinakula moli 2 za asidi. Kalisiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa, inahitaji gramu 74 tu kula moli hizo hizo 2. Chokaa hai, ambayo haijaguswa na maji, gramu 56. Ukiipima chokaa iliyozimwa kwa hesabu ya kaboneti utapata 135%, na chokaa hai 178%. Plasta ya miaka mingi haina shida hiyo, maana imeshavuta kaboni dayoksaidi hewani ikarudi kuwa kaboneti.

Kuna atakayekwambia ni magnesiamu. Magnesiamu kaboneti ni gramu 84 kwa moli, kwa hiyo kweli inapandisha, lakini ili mfike 112% ingebidi karibu thuluthi mbili za jiwe ziwe magnesiamu kaboneti. Matumbawe hayako hivyo.

La pili: maji. Mlijaza chupa ya ml 250 kwa maji gani?

Barani

Tofali lilikuwa jipya, halina plasta wala saruji.

Maji… yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa) yaliisha mezani kwetu. Tulisuuza kwa kidogo kilichobaki, kujaza hadi alama tukatumia ya bomba. Kwani yana neno? Kwenye zoezi tumeambiwa maji hayaingii kwenye hesabu, hayabadilishi idadi ya moli.

Chupa ya asidi imeandikwa "HCl 1 M" kwa kalamu, haina tarehe.

Mkomani

Maji safi hayabadilishi moli. Maji ya pwani yetu yanabadilisha. Yamepita kwenye mawe hayo hayo mnayoyapima, yakayamung'unya njiani, ndiyo maana birika la chai linafanya ukoko mweupe. Ule ukoko ni bikaboneti iliyokuwa majini ikageuka kaboneti kwa moto. Bikaboneti inakula asidi kama kawaida.

Piga hesabu. Tuseme maji yenu yana uwezo wa kula asidi sawa na mg 300 za kaboneti kwa lita. Hicho ni kiwango cha mfano tu, pimeni chenu. Mkiongeza ml 200, mmeongeza mg 60. Kwa sampuli ya mg 1,500 hiyo inaweza kufika hadi 4%, na jiwe halihusiki.

Na asikudanganye mtu kuwa maji ya mvua ni yale yale kama yaliyokenekwa. Yakiwa yametoka kwenye birika la kuhifadhia maji lililopakwa chokaa, yameshakunywa chokaa. Maji ya kiyoyozi ni mepesi kweli, lakini yana vumbi na madini ya bomba lake. Yafae kuoshea vyombo, si kutengenezea myeyusho.

Mizani na Bika

Nasimamia maabara ya kemia, kwa hiyo niruhusuni niongee kuhusu ile chupa isiyo na tarehe.

Asidi haidrokloriki nzito inayonunuliwa ni ya takriban 36% kwa uzito, kama 11.6 M ikiwa mpya. Ili kupata lita moja ya 1 M mtu huchukua ml 86 (asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi) na kujazia. Lakini chupa nzito ikishafunguliwa mara nyingi, na joto letu hili, inatoa moshi wake kidogo kidogo kila kifuniko kinapoinuliwa. Baada ya muda ml 86 zile zile hazitoi tena 1 M. Lebo ni nia ya aliyeiandika, si kipimo.

Hamna haja ya kutupa kazi yenu. Fanyeni jaribio tupu: kila hatua kama mlivyofanya, isipokuwa unga wa jiwe haumo. Asidi ile ile ml 50.0, bika, kuchemsha, chujio, chupa ya ml 250, na maji yale yale ya bomba. Narudia, yale yale. Makosa ya asidi na ya maji yamo ndani ya vipimo vyote viwili kwa kiasi sawa, kwa hiyo ukitoa kimoja kwenye kingine yanafutana. Hapo hamhitaji tena kujua asidi ilikuwa na nguvu gani. Sharti ni moja: chupa ya asidi iwe ile ile, isiwe imetengenezwa mpya.

Jazeni bureti hadi sifuri kabisa maana mtahitaji ml 40 na ushei, msije mkaishiwa katikati.

Mkipata nafasi ya kurudia na jiwe, angalieni kwenye kumimina. Lowesheni unga kwanza kwa maji kidogo yaliyokenekwa, kama ml 5, uwe uji. Funikeni bika kwa kioo cha saa, mimineni asidi kwa pipeti kupitia mdomo wa bika, polepole, ikitiririka ukutani. Mtasikia unavyochacha kama soda iliyotikiswa, na chini ya kioo mtaona vitone vidogo vimejipanga. Vitone vile ni asidi yenu. Vikishuka, suuzeni kioo kwa chupa ya kunyunyizia, maji yarudi ndani ya bika. Kisha moto mdogo, dakika 3 hadi 5, yatokote tu, yasirukeruke. Asidi hafifu namna hii ikitokota mvuke wake karibu wote ni maji. Hasara inakuja pale inaporuka. Ipoe kabisa kabla ya kuitia kwenye chupa ya ujazo, maana alama ile imepimwa kwa 20 °C na maji ya moto yametanuka.

Na karatasi ya chujio msiitupe. Ikausheni, ipimeni.

Shela

Samahani naingilia, mimi niko zoezi hilo hilo. Rangi ya waridi inatokea halafu inapotea ndani ya dakika moja. Niendelee kudondosha au niishie pale?

Ngomeni

Ishia pale, dada. Ikidumu sekunde 30 huku unaizungusha flaski, hapo ndipo mwisho. Inapotea kwa sababu kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia na kuirudisha chini. Ukiifukuza utaongeza tone baada ya tone. Waridi liwe hafifu kiasi kwamba unahitaji karatasi nyeupe chini ya flaski ili ulione. Likiwa kama sharubati ya rozela umeshapita.

Na fenolfthalini ni matone 2 au 3. Zaidi ya hapo haisaidii, nayo yenyewe ni asidi hafifu.

Mkomani

Nami nina swali langu nikiwa hapa. Nina chokaa ya tanuri, imekaa kwenye gunia. Nataka kujua ni kiasi gani bado ni chokaa na kiasi gani kimesharudi kuwa kaboneti. Titresheni ya kurudi nyuma inakula vyote kwa pamoja, hainitengi.

Mizani na Bika

Tumia sukari. Sukari ya dukani, nyeupe, hiyo hiyo ya chai.

Chokaa haiyeyuki vizuri kwenye maji, lakini kwenye maji ya sukari inashikana na sukari na kuyeyuka. Kaboneti haishikani, inabaki chini. Pima gramu 0.50 za chokaa, weka kwenye flaski yenye kizibo, ongeza ml 150 za maji yaliyokenekwa yaliyochemshwa na kupozwa (usipoyachemsha, kaboni dayoksaidi iliyomo itaila chokaa yako), kisha gramu 15 za sukari. Ziba, tikisa dakika 15. Usiache ikatulia mwanzoni, chokaa ikiganda madonge katikati yake haiguswi. Tia fenolfthalini, itakuwa waridi kali, kisha dondosha asidi haidrokloriki 0.5 M mpaka rangi ipotee mara ya kwanza. Ya kwanza! Ukisubiri utaona waridi inarudi polepole kutoka kwenye punje za chini, hiyo usiihesabu.

Chokaa iliyozimwa tupu, gramu 0.50, itataka ml 27.0. Ikikupa 18, theluthi mbili bado ni chokaa.

Hapa asidi lazima ujue nguvu yake hasa, maana hakuna jaribio tupu la kukuokoa.

Barani

Jaribio tupu limefanyika leo, chupa ile ile ya asidi, maji yale yale ya bomba. Usomaji: 45.2, 45.0, 45.0. Kumbe asidi haikuwa ikifika hata 50.0 tuliyoitegemea.

45.0 − 16.5 = ml 28.5
28.5 × 0.100 = milimoli 2.85 ndani ya ml 25, yaani 28.5 ndani ya ml 250
CaCO3: milimoli 14.25, gramu 1.425
1.425 ÷ 1.50 = 95.0%

Yule mwenzetu wa 95 sasa hashikiki.

Mizani na Bika

Mwambieni asubiri kidogo. Mmefuta kosa la asidi na la maji, lakini sodiamu haidroksaidi bado mmeichukua kwa imani. Mliitengenezaje?

Barani

Gramu 4.00 za vipande, ndani ya lita moja.

Mizani na Bika

Mlipima nini hasa? Fungua kopo la sodiamu haidroksaidi hapa Malindi mchana, weka vipande vitano kwenye kioo cha saa, tazama. Dakika chache vinang'aa kama vimepakwa mafuta, baadaye vimeketi kwenye kidimbwi. Inavuta maji hewani na kaboni dayoksaidi pia. Gramu 4.00 zenu ndani yake mna maji, kwa hiyo myeyusho uko chini ya 0.100 M. Kosa hili linaelekea upande wa pili: 95.0 yenu imezidi.

Ipimeni kwa asidi oksaliki, ile ya fuwele zenye maji ndani, H2C2O4·2H2O, gramu 126 kwa moli. Haivuti unyevu, ndiyo maana inaaminika. Gramu 0.630 ndani ya ml 100 inatoa 0.0500 M. Chukua ml 25.0, fenolfthalini, dondosha. Kila moli ya oksaliki inakula moli 2 za haidroksaidi, kwa hiyo kama yenu ni 0.100 M kweli mtasoma 25.0.

Maji yaliyokenekwa tu, hata kama itabidi mkaazime meza ya jirani. Ya bomba yatawaumbua: kalisiamu iliyomo itashikana na oksaleti, mtaona ukungu mweupe. Na oksaliki ni sumu, pipeti ivutwe kwa balbu, si kwa mdomo.

Ngomeni

Nyongeza ya bureti: sodiamu haidroksaidi isilale humo. Bureti ya bomba la kioo itagandana usiku mmoja. Mwaga, suuza kwa maji, acha bomba wazi.

Barani

Oksaliki: 25.9, 25.8, 25.8. Maji tuliazima kweli, hakuna ukungu.

25.0 × 0.0500 × 2 ÷ 25.8 = 0.0969 M

Basi: 28.5 × 0.0969 × 10 = milimoli 27.6. Nusu yake 13.8, gramu 1.38. Asilimia 92.1 kwa tarakimu zote za kikokotoo.

Karatasi ya chujio imekauka. Tuliipima tupu kabla, kwa bahati njema. Mabaki ni gramu 0.11, mchanga wa kahawia mwororo. Hiyo ni 7.3%. Jumla 99.4%.

Mizani na Bika

Andikeni 92.1, na mabaki 7.3, na zile 111 za mwanzo pia msizifiche. Ndizo zinazoeleza kwa nini jaribio tupu lipo. Ile 0.6 isiyoonekana msiitafutie hadithi: mizani yenu inasoma gramu 0.01, na kwenye mabaki ya gramu 0.11 nukta moja ya mwisho juu au chini ni 0.7% ya sampuli.

Na bandikeni tarehe kwenye hiyo chupa ya sodiamu haidroksaidi, na 0.0969 juu yake. Iwe ya plastiki, kifuniko kikazwe. Wiki ijayo mkiitumia tena, mtaipima upya.